Ukanda wa Kunolea na Samli ya Mama Mkwe

Mume wangu alivunjika mkono kwa uvivu wa kutembea, na nalisema hili wazi kwa sababu yeye mwenyewe kila alipolisimulia alilipamba. Alikuwa amevuka kwenda Goma kununua sabuni ya kunyolea na shabu ya kuzuia damu. Wakati wa kurudi akaona mpaka uko mbali. Akapanda chukudu, lile dude la mbao la magurudumu mawili ambalo vijana wa kule hubebea mizigo, likiwa limesheheni kabichi, akaketi juu ya kabichi kama bwana harusi. Kwenye mteremko likamshinda kijana aliyeliendesha. Kabichi zilipona karibu zote. Mume wangu aliangukia kifundo cha mkono wa kulia, na kinyozi akikosa mkono wa kulia hubaki mtu mwenye koti jeupe tu.

Hospitalini wakamfunga plasta kuanzia vidoleni hadi kiwikoni, wakamwambia ikae wiki nane na asiichokonoe. Ilikuwa mwanzoni mwa Novemba, mwishoni mwa ile miaka ya tisini, barabara ya Ruhengeri imeanza kupitika tena bila msafara wa askari. Wiki nane maana yake plasta itoke baada ya mwaka mpya. Noeli ingepita tukiwa tumekaa tunaiangalia.

Na Noeli ndiyo iliyokuwa shida yenyewe. Saluni aliyofanyia kazi mume wangu ilikuwa chumba kimoja chenye kioo kimoja, benchi moja na viti viwili, katika mtaa wa Waislamu, si mbali na soko. Mwenye saluni alikuwa mzee aliyezaliwa hapohapo Gisenyi, nusu ya ukoo wake uko Goma, Mwislamu wa sala tano. Macho yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, kwa hiyo kunyoa alishaacha. Alikaa kwenye kiti kimoja na redio yake mapajani, na kile kingine alikuwa amempa mume wangu. Mzee yule aliijua Noeli kuliko padri. Alijua kwamba wiki ile hata mwanamume ambaye hajaona mlango wa kanisa tangu abatizwe hutaka kidevu laini. Basi alipoishika plasta na kuipapasa alisema pole mara moja tu, kisha akatupa sharti lake. Ikifika mkesha wa Noeli na kiti hakina mtu, anampa mpwa wake wa Goma, mwenye mashine ya umeme na jenereta ya kuiendeshea.

Kiti kile ndicho kilichotulisha: mimi, yeye, watoto watatu na mama yake mzazi. Shamba hatukuwa nalo. Tulikuwa tumerudi kutoka Karagwe, Tanzania, na Gisenyi ya wakati ule ilijaa watu waliorudi kutoka kila upande, kila mmoja akitafuta mahali pa kujishikiza. Waliotoka Uganda walijishikiza maofisini kwa sababu walijua Kiingereza. Waliotoka Kongo walijishikiza kwenye biashara kwa sababu walijua kila mtu mpakani. Sisi wa Tanzania tulijua Kiswahili sanifu, na tulikuwa tunasubiri ofisi itakayokuja kukihitaji.

Nikamwambia mume wangu nitakishika mimi. Alicheka mpaka plasta ikamuuma. Akaniuliza lini niliwahi kumnyoa mwanamume, nikamjibu kwamba kabla ya kuja Gisenyi na yeye hakuwahi kuendeshwa kwa chukudu, na alijifunza siku moja. Siku ya tatu akaanza kufuga ndevu, akisema hakuna mtu mjini pale wa kumwamini na shingo yake. Majirani walimpitia mlangoni wakimwambia kinyozi hajinyoi, naye akawa anaitikia kana kwamba wamemsifu.

Mzee wa saluni hakucheka. Alipunguza redio, akataka kujua kama mkono wangu hutetemeka nikikasirika. Nikamwambia ukweli, kwamba nikikasirika kinachotetemeka ni mdomo. Jibu hilo alilipenda. Nikamwuliza na wateja Waislamu je, wasiotaka mwanamke awaguse?

"Bon," alisema. "Kila mutu iko na Mungu yake na kidevu yake. Mwenye hataki, angoje bwana yako apone. Lakini wewe leo hautashika wembe. Utashika ukanda."

Ukanda wenyewe ulining'inia kwenye ndoano karibu na dirisha. Ulikuwa ngozi ya ng'ombe, ndefu kama mkono wangu, pana kama vidole vinne, umeiva mpaka ukawa na rangi ya kahawa. Nilikuwa nimeuona mara elfu na kudhani ni wa kumtishia mtoto anayelia akinyolewa. Kumbe wembe wa kukunja hautegemei jiwe peke yake. Jiwe hutia makali mara moja kwa miezi, na kila siku, kabla ya kila kidevu, ni ukanda unaoyanyoosha makali hayo. Mtu anayenyoa bila kupitisha wembe kwenye ukanda, mzee alisema, heri atumie kijiko.

Hivyo nikakaa wiki nzima nikipeleka wembe juu na chini kama mwanamke anayepaka ukuta chokaa. Mkono wa kushoto unavuta ukanda mpaka ukaze. Mkono wa kulia unalaza wembe bapa, mgongo wa wembe unatangulia na makali yanafuata nyuma. Ukifika mwisho unaugeuza juu ya mgongo wake, usiugeuze juu ya makali hata kidogo, na kugeuza huko hakufanywi na bega wala kiwiko. Ni kifundo cha mkono kinachozunguka, basi. Siku ya pili niliugeuza vibaya nikachanja ukanda, mchanjo wa kama ukucha. Nikatazama kama mzee ameona. Macho yale hayakuona kitu, lakini masikio yake yalikuwa ya paka.

"Umeikata," alisema, na kuongeza redio.

Alinifundisha kila kitu kwa masikio. Nikikandamiza, alijua. Nikiinua mgongo wa wembe, alijua. Wembe ukienda sawasawa ukanda hutoa sauti fulani kavu, ndogo, na aliposikia hiyo hakunisemesha, kwa hiyo nilijifunza kutafuta ukimya wake. Mchanjo wangu aliulainisha mwenyewe kwa lile jiwe jepesi la volkano, ambalo sisi wanawake tulisugulia visigino. Halafu akanionyesha jinsi ukanda unavyotunzwa. Unauning'iniza kivulini, mbali na jua, mbali na mvuke wa maji ya moto. Huukunji. Na kila asubuhi unausugua kwa kiganja kitupu, juu hadi chini, mpaka kiganja na ngozi vipate joto. Nikamwuliza halafu unapaka nini. Akasema hupaki kitu, mafuta ya kiganja yanatosha.

Mimi, kusema kweli, sikumwamini. Nilidhani ni ubahili. Na sikuwa peke yangu, kwa sababu kila aliyekaa kwenye benchi lile alikuwa na maoni kuhusu ukanda. Askari mmoja alisema dawa ni mafuta ya bunduki. Mfanyabiashara wa Goma akasema mawese, kidogo tu. Mwalimu aliyetoka Kampala alisema mahali aliposoma watu walitumia rangi ya viatu, na alivyosema ungedhani kwamba huko viatu vilijinyoa. Kila aliyerudi nchini alikuwa amerudi na mafuta yake. Nami nilikuwa na ya kwetu nyumbani, tena bora kuliko yote.

Mama mkwe wangu alikuwa na ngozi ya kubebea mtoto, ile wanayoiita ingobyi. Alikimbia nayo nchi akiwa msichana aliyebeba mdogo wake, akambebea mume wangu Karagwe, akarudi nayo ikiwa laini hata mtu angeweza kufutia uso. Siri yake ilikuwa samli ya ng'ombe. Miaka yote ile ya ukimbizini, siku za shibe na siku za njaa, ngozi ile ilipakwa samli kabla ya watu kula samli. Kwa mama mkwe hakuna ngozi duniani isiyotaka samli, na mtu anayeacha ngozi ikauke alikuwa tayari kumwita mchawi. Nilipomsimulia kwamba mzee wa saluni husugua ukanda kwa kiganja kikavu, alimsikitikia kama mtu aliyekosa malezi.

Siku moja ya Alhamisi, wiki ya nne ya mafunzo yangu, nikauchukua ukanda kwenda nao nyumbani bila kuaga. Nilitaka kumfurahisha mzee. Nilitaka aupapase kesho yake aone ana mwanafunzi wa namna gani. Mama mkwe akatoa kibuyu chake, samli ya miezi, yenye harufu inayotangulia mtu mlangoni, tukaupaka ukanda huku na huku, tukaupaka tena, tukaukunja vizuri tukauweka karibu na moto ili usharabu ile samli. Asubuhi ulikuwa laini ajabu. Ungeweza kumbeba mtoto mgongoni nao, mkalala usingizi yeye na wewe. Nilipokuwa nikishuka kwenda saluni paka wa jirani alinifuata mpaka barabarani.

Ijumaa ile mzee alikwenda msikitini mapema. Nikaning'iniza ukanda wangu, nikapitisha wembe mara thelathini. Hakukuwa na sauti yoyote. Nikajisifu moyoni kwamba sasa nimekuwa fundi, wembe wangu unakwenda kimya. Ukanda ulikuwa unalegea katikati, basi nikawa nakandamiza ili kuufikia, na kila nilivyokandamiza ndivyo nilivyozidi kujisifu.

Hapo akaingia bwana mmoja wa komini, yaani ofisi ya serikali ya pale mjini, aliyerudi kutoka Uganda, ambaye kazi yake ilihusu maendeleo ya akina mama. Alikuwa amesikia kuna mwanamke anajifunza unyozi, akaja awe mfano kwa raia. Alikuja na watu wawili wa kushuhudia. Mimi nilikuwa bado sijaruhusiwa kunyoa mtu, lakini bwana mwenyewe alikwisha kukaa, ameshajifunga kitambaa shingoni, na ameanza kuhutubia benchi kwamba enzi za mwanamke kukaa jikoni zimekwisha. Ningemwambiaje akamwulize kwanza mzee? Nikafuta wembe kwa spiriti mbele ya macho yake, maana hotuba yake ya pili ilikuwa kuhusu ukimwi, nikampaka povu, nikaanza shavu la kulia.

Wembe haukukata. Ulishika unywele, ukauvuta, ukafikiria, ndipo ukaung'oa. Jamani, nilisikia mwenyewe sauti ya unywele ukitoka na mzizi wake. Bwana yule alinyamaza katikati ya neno. Machozi yakamjaa. Mtu mwingine yeyote angeruka, lakini yeye ameshatoa hotuba, na mashahidi wake wamesimama pale. Nikamwuliza kwa sauti ndogo kama naumiza.

"Endelea, mama," alisema bila kufungua meno. "Maendeleo yanataka uvumilivu."

Nikaendelea. Ule upande wa kulia uliisha, ukiwa mwekundu na unanuka kibuyu cha mama mkwe. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa wewe tia maji. Watu watatu wa benchi hawakutia maji, walitia miguu mmoja baada ya mwingine, wa mwisho akiniambia amesahau mbuzi wake nje. Nilipopeleka wembe shavu la kushoto yule bwana alikumbuka kwamba ana mkutano. Akainuka, akanishukuru kwa Kiingereza, akajifunga leso kuanzia kidevuni hadi utosini, akatoka na nusu ya ndevu zake. Kwa siku kadhaa watu wa komini walimpa pole ya jino. Namheshimu mpaka leo kwa sababu hakumwambia mtu.

Mzee aliporudi kutoka msikitini alisimama mlangoni akanusa. Akaja mpaka kwenye ukanda, akaupitishia kidole gumba, akaufinya, akaunusa tena. Kisha akakaa kwenye kiti chake bila kuwasha redio. Nilingoja anifokee. Ningempenda sana kama angenifokea.

"Mama," alisema baadaye, "hii ngozi haibebe mutoto. Inabeba makali. Wembe inataka kitu yenye kuipinga kidogo. Ukiibembeleza, inalala."

Kisha akaniambia ukanda ule alipewa na fundi wake Bukavu, alipokuwa kijana, siku aliyoruhusiwa kunyoa. Hakuniambia kwa lawama, aliniambia tu kwa sababu ulikuwa unamwuma. Nikalia. Mimi si mtu wa kulia mbele za watu, ila siku ile nililia kwa aibu ya kuharibu kitu cha mtu, na kwa hofu pia, kwa sababu zilikuwa zimebaki siku kumi na tatu mpaka mkesha wa Noeli na nilijua kiti kinaondoka. Jina la mama mkwe sikulitaja. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe nilibeba kosa lake na langu pamoja.

Mzee angeweza kumtumia mpwa wake salamu siku hiyohiyo. Badala yake alinituma unga wa muhogo. Tukaukwangua ukanda kwa mgongo wa kisu, tukaumiminia unga, tukauacha unga unywe samli usiku kucha. Asubuhi tukaupangusa, unga umegeuka ugali mbovu, tukaumiminia mwingine. Siku tano. Halafu tukaufuta kwa spiriti, tukauning'iniza kivulini na jiwe zito limefungwa chini ili ujinyooshe, na mzee akaupitisha jiwe la volkano polepole mpaka uso wake ukawa mpya. Wembe wenyewe, niliokuwa nimeupinda makali kwa kukandamiza, aliurudisha kwenye jiwe la kunolea kwa kupapasa, ulimi nje kama mwanafunzi anayeandika.

Kilichobaki kilikuwa kiganja. Nilisugua ukanda ule saluni, nikaomba ruhusa safari hii, nikausugua nyumbani. Nilisugua huku nikipika maharage, kwa mkono mmoja. Mama mkwe alinitazama kwa huruma, akasema maskini, ngozi imekuwa kavu na mukazana wake, mke wa mwanawe, amekuwa mwehu. Mume wangu, na ndevu zake za mwezi mzima, aliniambia kwamba kama ningekuwa namsugua yeye namna ile mkono ungekuwa umekwisha kupona. Nikamjibu kwamba ukanda haujawahi kupanda kabichi.

Siku nilipoupitisha wembe tena, ile sauti kavu ilirudi. Nilihisi raha ambayo siwezi kuieleza kwa mtu asiyewahi kuharibu kitu na kukitengeneza. Mzee akanitaka nijaribu kwenye nywele za mkono wangu, zikaanguka bila kushtuka. Ndipo akatokea mtu wa Busasamana aliyeleta viazi sokoni, ndevu zake ngumu kama mabua, na bahati yangu alikuwa hajasikia habari yoyote ya mjini. Alikaa, akauliza kinyozi yuko wapi, nikamwambia ni mimi, akasema haya. Alikuwa amechoka. Nilipofika chini ya kidevu alikuwa anakoroma. Mzee alikuwa amepunguza redio ili asikie wembe, na katikati ya shavu la pili akaiongeza tena, nikajua nimefaulu.

Kuanzia hapo wakaja. Kila mmoja alikuja na kisingizio chake, huyu mashine ya umeme imemwasha, yule umeme umekatika, mwingine anapita tu akaona mvua. Hakuna aliyekiri kwamba amekuja kunyolewa na mwanamke. Wakati wa kutoka walijipapasa kidevu mlangoni wakifikiri siwaoni. Nilivaa koti jeupe la mume wangu, nilikuwa nimelipunguza mikono kwa sindano. Siku tatu kabla ya mkesha, mzee aliniambia mpwa wake ameuliza habari za kiti na amejibiwa kwamba Goma pia kuna videvu.

Habari hizo nilizipeleka nyumbani mbio. Nilidhani mume wangu atafurahi, kiti kimepona. Alinipongeza vizuri tu, kisha hakula. Kesho yake nilipotoka kwenda kazini alitia plasta kwenye beseni la maji, yeye na mama yake wakaikata kwa kisu cha mkate, wiki nzima na zaidi kabla ya siku yake. Niliporudi nikakuta mkono mweupe, mwembamba, umelala mezani. Nilimgombeza mpaka watoto wakatoka nje. Akasema maneno machache tu, kwamba mkesha wa Noeli ni siku yake na kiti ni chake.

Tulishuka pamoja asubuhi ya mkesha, yeye mbele na mimi nyuma. Saluni ilikuwa imejaa mpaka nje. Watu wakamshangilia, wakamtania kwa ndevu zake, akacheka nao. Akavaa koti lake jeupe, mikono ikaishia karibu na viwiko, na hilo pia wakalicheka. Mimi nikakaa mwisho wa benchi. Nilikuwa nimekwisha kukubali. Niliwaza nitauza nini sokoni kuanzia Januari.

Akakamata ukanda kwa mkono wa kushoto, akauvuta, akalaza wembe. Mpigo wa kwanza ulikwenda juu vizuri kabisa, ule utaratibu wa mtu aliyefanya kazi hii miaka kumi na miwili. Alipofika mwisho ilibidi ageuze. Kifundo hakikuzunguka. Nilikiona kinajaribu, kinafika nusu na kukwama. Akaurudisha wembe, akaanza upya. Safari ya pili aliinua kiwiko na bega, mgongo mzima ukapinda ili kuusaidia mkono, na makali yakaja chini wima juu ya ngozi. Angeendelea hata unywele mmoja angeukata ukanda. Hakuendelea. Alisimama na wembe hewani, na mzee akazima redio.

Nitasema ukweli wangu, kwa kuwa yeye sasa hayupo wa kukasirika. Nilifurahi. Furaha ndiyo iliyotangulia, ikaja yote kwa mara moja, kwamba kiti ni changu. Huruma ilifuata nyuma yake, ikanichoma zaidi kwa sababu ilichelewa.

Watu wa benchi walikuwa wametazama miguu yao. Mume wangu aliukunja wembe, akauweka juu ya kiti, akavua koti na kuniletea mkononi. Kisha akauchukua tena wembe, akanipa, akakaa yeye mwenyewe kwenye kiti cha mteja, mbele ya foleni nzima ya Noeli, akainua kidevu.

"Ninyoe, mama watoto," alisema. "Hawa watu wana haraka, waone kinyozi ni nani."

Nikapitisha wembe kwenye ukanda mara thelathini, sikupunguza hata moja, na chumba kizima kilisikia kila mpigo. Nikafuta makali kwa spiriti. Nikakoroga povu jingi, jingi kuliko hata ndevu za wiki sita zilivyohitaji, nikampaka kidevu na mashavu, nikaendelea kupaka kwenda juu mpaka chini ya macho, ili waliokaa kwenye benchi wasijue maji yaliyomshuka mashavuni yalikuwa yanatoka wapi.